Neno la Watu Wawili

Kambi ya Podlipje, nchini Slovenia, iko kando ya ziwa ambalo nusu ya mwaka halipo. Wakati wa kiangazi watu hukata majani humo, ng'ombe hulala katikati yake, na njia ya mikokoteni hulivuka kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Mvua za Oktoba zikishakaza, maji huanza kupanda kutoka chini, kupitia matundu ya mawe, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayekoroma chumba cha pili. Asubuhi moja uwanda una madoa yanayong'aa hapa na pale. Asubuhi ya pili madoa yameungana. Watu wa Podlipje hawasemi ziwa limejaa. Husema limekuja, kama wanavyosema posta imekuja.

Fadila Kurtović amelitazama likija mara kumi na tisa kupitia dirisha la jikoni. Yeye ni mpishi wa kambi. Kila Jumatatu basi huteremsha darasa la tano la shule fulani, watoto wa miaka kumi na kumi na mmoja, simu zao zimeachwa nyumbani kwa amri, na kila Ijumaa basi hilohilo huwarudisha. Katikati ya siku hizo watoto hupima, huchora, hupotea kidogo na kupatikana, na hula mara tano kwa siku. Fadila huzitambua siku kwa vyakula. Jumatatu ni supu ya shayiri, Jumanne makaroni na nyama ya kusaga, Jumatano samaki, Alhamisi chapati za maji zenye jamu ya plamu, mia moja na themanini kwa hesabu, na Ijumaa mkate wa safari.

Alizaliwa Bosnia, kijijini kando ya mto Una, na akaingia Slovenia mwaka 1988, akiwa na miaka kumi na tisa, kushona vitambaa vya makochi katika kiwanda ambacho sasa ni uwanja wa kuegesha magari. Kislovenia alijifunza hapohapo kiwandani, na anakizungumza haraka, bila woga, kwa lafudhi ambayo watoto huiga wakidhani hasikii. Jambo moja tu halijawahi kumwingia.

Sisi kwa Kiswahili husema twende tukimwambia mtu mmoja, na twendeni tukiwaambia wengi. Waslovenia wamelipeleka jambo hilo mbali sana. Wana neno la mmoja, wana neno la wengi, na katikati yake wana neno la watu wawili tu, kwa kila kitendo na kila kitu. Watatu wakienda, husema gremo. Wawili wakienda, au mmoja akimwambia mwenzake twende, husema greva. Mtoto wa Kislovenia halikosei neno hilo, kama asivyokosea mlango wa kwao. Mgeni hulikosea kila siku, na kila siku hutambuliwa kwalo.

"Kiwandani tulikuwa mia mbili na arobaini," Fadila hueleza. "Nani angenifundisha mambo ya wawili?"

Kuna jambo lingine ambalo haelezi mara kwa mara. Mwanawe Nermin alipokuwa darasa la tano, alikwenda kambi kama hii, upande wa milimani. Siku ya tatu alipiga simu kutoka ofisi ya kambi akilia, na Fadila akaazima gari la jirani akaenda kumchukua. Alifika kabla mtoto hajamaliza kufunga begi. Miaka kumi na sita baadaye Nermin, sasa fundi bomba, alikuwa akimpeleka mama yake hospitali kupimwa macho, na walipokuwa wamesimama kwenye taa nyekundu akasema, bila kugeuza kichwa: "Unajua, mama, siku ile ungechelewa kidogo tu, ningebaki."

Taa ikawaka kijani, akaondoa gari.

Oktoba ya mwaka juzi lilikuja darasa la tano kutoka mji wa bondeni, umbali wa saa moja. Mwalimu wao, Stanka Ule, mwanamke mrefu anayetembea na filimbi shingoni hata akiwa anakula, aliingia jikoni kabla ya mabegi hayajashushwa.

"Bi Fadila, nina mtoto asiyekula nguruwe."

"Tuko wawili basi."

"Anaitwa Dafina Hoti. Wametoka Kosovo miaka miwili iliyopita. Baba yake atakuja Jumatano saa kumi. Wamekubaliana hivyo: akitaka kurudi, anarudi naye. Akitaka kubaki, anabaki hadi Ijumaa."

"Na wewe unaonaje?"

"Naona ataondoka," akasema Mwalimu Stanka. "Hasemi na mtu. Mwaka jana alikuwa anajaribu. Mwaka huu ameacha."

Hata asubuhi ile alikuwa amejaribu. Ndani ya basi Dafina alisimama na msichana mwingine wakitafuta viti, akasema, kwa neno la wengi, kwamba wao wanakwenda kukaa dirishani. Mvulana wa kiti cha nyuma akamdaka hapohapo.

"Nyie wangapi kwani? Wengine umewatia mfukoni?"

"Waambie watoke, wakate tiketi," akasema mwingine.

Si maneno makali. Watoto wa darasa lile walikuwa wameyasema mara nyingi na hawakuyaona kuwa na uzito wowote. Dafina akakaa. Tangu hapo hadi Podlipje, saa nzima, alitazama ukungu.

Kila darasa huwa na wawili wa zamu, wanaosaidia jikoni kupanga meza na kubeba chai. Kwa kawaida hubadilishwa kila siku. Mwalimu Stanka alimpa Dafina zamu ya wiki nzima, kwa sababu jikoni mtu anaweza kunyamaza bila kuulizwa, na akamweka pamoja na Zarja Otoničar, kwa sababu Zarja hakuna aliyetaka kuwekwa naye. Zarja alikuwa na miwani, kikohozi kidogo cha kabla ya kusema, na desturi ya kuwasahihisha watu wazima. Huko shuleni alikuwa amewahi kumsahihisha mkaguzi.

Saa sita mchana wa Jumatatu Fadila aliwaita kupitia kidirisha cha kupitishia sahani.

"Njooni nyote, mchukue vikombe."

Zarja akageuka kutazama nyuma yake. Akakohoa. "Nyote nani, Bi Fadila? Tuko wawili."

"Basi njooni nyote wawili."

"Watu wakiwa wawili kuna neno lake."

"Najua lipo, mwanangu. Liache lipumzike. Kwetu wawili ni wengi tayari, hasa wakiwa na njaa."

"Lakini ni kosa."

"Ni kosa langu la miaka thelathini na minne. Kosa la umri huo halisahihishwi, linaheshimiwa. Shika vikombe."

Kutoka nyuma ya taulo la vyombo ilitoka sauti ndogo. Dafina alikuwa anacheka, na alipoona ameonekana akaanza kufuta kikombe ambacho kilikuwa kikavu.

Alasiri ile darasa lilitelemka uwandani, ambako madoa ya maji yalikuwa bado yako mbalimbali, yakibeba kila moja kipande chake cha mawingu. Watoto wanaofika Podlipje siku ya Jumatatu huchomeka kijiti mahali wanapodhani maji yatakuwa yamefika Ijumaa. Kijiti huandikwa jina, na mshindi hupewa chapati ya maji ya ziada. Katikati ya uwanda imesimama chanja ya zamani ya kuanikia majani, nguzo sita na kipaa kidogo, na hapo ndipo Dafina na Zarja walipoleta sufuria ya chai kwa mkokoteni wa mkono, wakaigawa kwa upawa.

Upawa wa Fadila ni wa alumini, mpini wake umepinda kwa moto wa zamani, na ujazo wake ni robo lita kamili, kikombe kimoja cha mtoto bila tone la kumwagika. Alipewa jikoni mwa kiwanda siku kilipofungwa, wakati kila mtu alikuwa akichukua kitu. Wengine walichukua mashine za kushonea.

Chai ilipokwisha, Zarja aliutundika upawa kwenye msumari wa nguzo ili ukauke. Wakarudisha sufuria. Wakarudisha vikombe thelathini na kimoja, wamehesabu mara mbili.

Jumanne asubuhi Fadila aligawa chai kwa kikombe chenye sikio, akimwaga kidogo kila mara, na kwenye mlango wa jikoni akawasimamisha wasichana wake wa zamu.

"Upawa wangu uko wapi?"

Walitazama nje. Dirishani nyuma yake uwanda ulikuwa umebadilika rangi.

"Tumeusahau," akasema Dafina. Alilisema kwa neno la wengi, na palepale akafumba mdomo na kusubiri, kama mtu anayesubiri sindano.

Zarja akakohoa. Kisha akasema jambo lilelile, tumeusahau, kwa neno la watu wawili, polepole, akitazama sakafu. Fadila alimwangalia vizuri na akaona kwamba mtoto hakuwa akisahihisha. Alikuwa anachukua nusu ya kosa.

"Uko kwenye chanja," Zarja akaongeza. "Kwenye msumari. Ni mimi niliyeutundika."

"Ni mimi niliyesahau kuutundua," akasema Dafina.

"Basi mtajuana nao," akasema Fadila. "Mimi leo namwaga chai kama mlevi kwa sababu yenu nyote."

Zarja alifungua mdomo kuhusu nyote, akaufunga.

Baada ya makaroni ya Jumanne huwa kuna saa inayoitwa hapo kambini saa ya masikio. Watoto hulala kifudifudi kwenye mteremko juu ya uwanda, sikio moja chini, na kwa dakika ishirini hakuna anayeruhusiwa kusema. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kimo cha mtu aliyesimama. Waliolala walikuwa chini yake kama chini ya shuka. Jikoni, Fadila alizima redio, kama anavyofanya kila Jumanne saa hiyo, ingawa hakuna aliyewahi kumwomba. Kutoka dirishani aliona jozi thelathini za soli za viatu, na mbele ya hizo maji, na maji hayakuwa na mwisho, yalikuwa yakigeuka kuwa ukungu bila kusema ni wapi.

Filimbi ilipolia kila mtoto alieleza alichosikia chini ya ardhi. Treni. Mtu anakunywa supu. Mashine ya kufulia ya bibi. Yule mvulana wa kiti cha nyuma alisema amesikia tumbo la jirani yake, na wakacheka.

Dafina hakuulizwa, kwa sababu Mwalimu Stanka alikuwa amezoea kutomwuliza. Lakini walipokuwa wakimenya viazi vya jioni, Zarja alimwuliza.

"Wewe ulisikia nini?"

Dafina aliendelea kumenya. "Watu wanahamisha samani," akasema. "Huko chini. Wanavuta kabati."

Zarja alilifikiria jambo hilo kwa uzito wake. "Wanahama au wanahamia?"

Ganda la kiazi lilirefuka, likarefuka, likaanguka kwenye ndoo.

"Wanahamia," akasema Dafina.

"Mimi pia nilisikia kitu kama hicho," akasema Zarja, "lakini sikujua ni kabati."

Fadila alikuwa amewapa mgongo. Alikoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Nyuma yake sauti mbili ziliendelea, moja ikiuliza na nyingine ikitafuta maneno: kama kabati lile lina kioo, kama wanaohamia wana watoto, kama samaki ndio wanaobeba. Sauti ya kwanza ilisema "sisi" kwa neno la wawili kila ilipohitajika, kama kawaida yake. Sauti ya pili ililikosa, ikalikosa tena, kisha mara moja, katikati ya habari za samaki, ikalipata, na hakuna aliyesimama kushangilia. Mazungumzo yalipita juu yake yakaendelea.

Jumatano maji yalifika kwenye chanja. Nguzo sita zilisimama kila moja juu ya nguzo nyingine iliyopinduliwa, na kwenye nguzo ya mwisho kitu kidogo kilikuwa kinang'aa kila jua lilipopenya. Watoto wa zamu walikwenda dirishani mara nne kukitazama kabla ya chakula cha mchana. Njia ya mikokoteni imeinuka kidogo kuliko uwanda, na Mwalimu Stanka, ambaye ameipita kwa gambuti kila mwaka anapoleta darasa, alikwenda mwenyewe na mti mrefu kupima. Akarudi akasema: baada ya saa ya kuchora, wale wawili wa zamu wanaweza kwenda kuuchukua upawa, yeye atasimama ukingoni na filimbi. Maji yakipita vifundo vya miguu, basi, upawa utangoja hadi masika.

Skender Hoti alifika saa kumi kasoro robo. Alikuwa mtu mfupi, mpana, na vumbi jeupe la plasta kwenye nyusi, maana alikuwa ametoka moja kwa moja kazini. Hakuzima injini.

"Izime, bwana Skender," akasema Fadila kutoka mlangoni. "Kahawa."

"Asante, mama. Nimekuja kwa mtoto tu."

"Mtoto yuko kwenye kuchora. Atakuja. Ingia, unanijazia moshi jikoni."

Walizungumza Kislovenia cha mjengoni, kile ambacho Waalbania, Wabosnia na Wamasedonia huelewana nacho juu ya jukwaa la ujenzi, chenye maneno ya nyundo, saruji, leta, shusha, na kisicho na neno la watu wawili hata kidogo. Fadila aliweka kahawa. Alianza kwa kusaga buni, jambo ambalo angeweza kulifanya asubuhi. Alisaga kwa kinu cha mkono, ingawa cha umeme kilikuwa rafuni. Alisubiri maji yachemke, akayatoa, akasubiri yatulie.

Skender alitazama saa ya ukutani. "Mama yake halali," akasema. "Siku ya pili hii. Asubuhi anatandika kitanda cha mtoto. Hakijalaliwa, anakitandika."

"Na mtoto, unadhani analala?"

"Nitajuaje? Simu mmezikataza."

"Anakula. Mtoto anayetaka kwao hali. Huyu wako jana kamaliza makaroni sahani mbili."

"Makaroni na nini?"

"Na nyama ya ng'ombe. Nyingine hata mimi sili, nitampaje yeye?"

Alimmiminia kikombe kidogo, akaweka kipande cha sukari pembeni. Skender alikunywa kidogo. Uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza, kisha akakumbuka alichokuja kufanya ukakaza tena.

"Nilimwambia: ukisema twende, twende. Sitakuuliza kwa nini. Nimempa neno langu."

"Neno zuri," akasema Fadila, na akamwongezea kahawa kabla hajaimaliza.

Saa kumi na dakika ishirini viatu vilisikika kwenye ngazi. Dafina aliingia amevaa gambuti zenye tope, mashavu mekundu, kalamu ya rangi bado imechomekwa sikioni. Alipomwona baba yake alisimama. Akaenda akamkumbatia kiunoni, haraka, akarudi mlangoni, akasimama tena. Nje, kwenye ngazi ya chini, Zarja alikuwa amesimama naye na gambuti zake. Mwalimu Stanka alikuja nyuma yao, na kwa sababu lazima mtu aulize, akauliza.

"Haya, Dafina. Umeamuaje?"

Dafina alimtazama baba yake. Akatazama dirishani, ambako mwanga ulikuwa umeanza kulala juu ya maji. Akaangalia saa ya ukutani. Kisha akasema:

"Greva."

Alilisema wazi, bila kigugumizi, neno sahihi mahali pake. Mwalimu Stanka alilisikia kama Mslovenia yeyote angelisikia: baba na binti, wawili, twende. Aliitikia kwa kichwa taratibu. Hakuonyesha kushangaa. Skender hakujua sarufi, lakini kwenda alijua ni kwenda, akasimama, kikombe kikabaki nusu. Zarja, kwenye ngazi, aliinamisha uso akatazama gambuti zake, kwanza ya kulia, kisha ya kushoto.

Fadila aliuchukua mkate. Katika jiko lake hakuna anayesafiri bila mkate. Alikata vipande vinne, akapaka siagi, akaweka jibini, viwili vya mzazi na viwili vya mtoto, akavikunja kwenye karatasi. Alikuwa anaifunga karatasi ndipo mikono yake ikasimama.

Mtoto huyu na baba yake huzungumza Kialbania, lugha ya kwao Kosovo. Mtoto anayeomba arudishwe nyumbani habadilishi lugha wakati wa kuomba. Nermin siku ile simuni alilia kwa Kibosnia, hata neno moja la Kislovenia hakutumia, ingawa mwalimu wake alikuwa amesimama kando. Na huyu baba, mwenye Kislovenia cha saruji na nyundo, hajawahi kuwa na neno la watu wawili. Asingeweza kumpa bintiye, wala bintiye asingefikiria kumpa yeye. Neno lile limetoka kwa mtu mmoja tu. Limekuwa likitolewa jikoni humu siku tatu, pamoja na vikombe.

Fadila akauliza swali ambalo Mslovenia asingeliuliza, kwa sababu neno lenyewe lingekuwa limeshamjibu.

"Nyie nani?"

Dafina hakuelewa. "Nani, vipi?"

"Wawili gani hao wanaokwenda?"

Mtoto alimtazama kana kwamba ameulizwa mkono wake ni upi. "Mimi na Zarja. Kwenye upawa. Mwalimu alisema maji yakipita vifundo hatwendi tena." Aliinua mguu, akaonyesha kidole mahali kwenye gambuti. "Sasa yako hapa."

Zarja akakohoa kutoka nje. "Yalikuwa hapo saa kumi na dakika tano," akasema. "Tunachelewa."

Mwalimu Stanka alishika filimbi yake bila kuipuliza. "Na baba je?" akauliza baadaye kidogo.

Ndipo Dafina akageuka akasema na baba yake, na akasema naye Kialbania, kwa muda mrefu, haraka, mikono ikisaidia. Fadila hajui Kialbania. Alisikia jina la Zarja mara mbili. Aliona mikono ikichora mduara hewani, bapa, ikaupindua, na akajua hapo ni chapati za maji za Alhamisi. Aliona mikono ikivuta kitu kizito sakafuni, kikubwa, kama kabati. Skender alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio ya mbali na ghafla akaipata. Alikaa, akavuta kikombe chake.

Wasichana walishuka hadi ukingoni, na watu wazima wakatoka kuwatazama. Upepo haukuwepo. Vijiti vya Jumatatu vilikuwa vimesimama ndani ya maji na majina yao, kama wanafunzi walioitwa na hawakuitika. Njia ya mikokoteni haikuonekana tena; ilijulikana tu kwa rangi, mstari mweupe kidogo chini ya maji, na wasichana waliufuata wakishikana mikono, Zarja mbele, wakiinua miguu juu sana kama korongo. Kila hatua ilifungua mduara, na miduara yao ilikwenda mbali kuliko wao. Ukungu ulikuwa ukishuka tena. Chini yao walitembea wasichana wengine wawili, vichwa chini, wamegusana nao nyayo. Ukiwatazama kutoka ukingoni walikuwa wanne, kisha ukungu ukichukua wa juu walibaki wawili wa chini, kisha wakarudi wote. Sauti zao zilifika zimechelewa, hazina maneno.

"Maji yale yanatoka wapi?" akauliza Skender.

"Chini," akasema Fadila.

Aliitikia. Mtu wa plasta anajua maji ya kutoka chini.

Kwenye chanja walisimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika kutundua upawa mmoja. Dafina alikuwa ameinama, sikio karibu na maji. Zarja naye akainama. Mwalimu Stanka aliweka filimbi mdomoni, akangoja dakika moja zaidi, ndipo akaipuliza.

Walirudi na upawa umejaa maji ya ziwa, wakiubeba wote wawili kwa mpini mmoja, wasimwage. Robo lita kamili. Waliuweka mezani mbele ya Fadila, na chini yake, juu ya alumini, alikuwemo konokono mdogo kama punje ya dengu.

"Huyo ni wa kwao, mrudisheni nyote," akasema Fadila, na wakatoka tena.

Skender alimkuta binti yake ukingoni, akambusu utosini, akamwambia maneno machache. Kisha akarudi mlangoni mwa jikoni, akavua kofia, akaivaa tena.

"Nitamwambia nini mama yake?"

"Mwambie ulichelewa," akasema Fadila.

Skender aliitazama saa ya ukutani kupitia mlango. Alikuwa amefika robo saa kabla ya wakati. Akafikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa vipimo na kuvikubali.

"Lile neno lake," akasema akiwa tayari amekaa kwenye gari. "Greva?"

"Hilo ni la wawili. Wewe uko peke yako. Wewe sema grem."

"Grem," akasema Skender, akawasha gari.

Karatasi yenye vipande vinne vya mkate alikuwa amewekewa kwenye kiti cha abiria. Gari lilipanda polepole hadi barabara kuu, taa zake zikageuka manjano ndani ya ukungu, zikawa moja, zikapotea.

Fadila aliosha upawa kwa maji ya moto, akaupangusa. Chai ilikuwa tayari. Alifungua dirisha la upande wa ziwa akawaita wasichana wake wa zamu, kwa neno la wengi, kama miaka yote. Kutoka kwenye ukungu sauti mbili zilimsahihisha kwa pamoja, na moja kati yao ilikuwa na lafudhi.